Nusu ya Kanada ni Jabali

Chukua ramani ya Kanada, uweke kidole kwenye Ziwa Great Bear, kule juu ambako Duara la Aktiki linapita. Shuka nacho kuelekea kusini-mashariki. Utapita Great Slave, utapita Athabasca, utafika Winnipeg, kisha ukate mashariki hadi Superior na Huron. Ukiacha Erie na Ontario, maziwa makubwa ya nchi hiyo yamejipanga kwenye mstari mmoja uliopinda, wala hayakujipanga kwa bahati. Nje ya mstari, kwa sehemu kubwa, kuna mawe laini ya chokaa na mchanga. Ndani yake kuna jabali gumu lenye umri wa mabilioni ya miaka. Barafu ilipopita zamani ilikula upande laini ikagonga mwamba upande wa pili, na mabonde iliyoyachimba mpakani yakajaa maji.

Jabali hilo ndilo Ngao ya Kanada. Linaizunguka Ghuba ya Hudson kwa umbo la kwato ya farasi, kutoka Labrador upande wa Atlantiki hadi visiwa vya Aktiki, na eneo lake ni karibu nusu ya nchi. Tanzania tano zingeenea humo. Mikono yake miwili inavuka mpaka na kuingia Marekani, mmoja Minnesota, Wisconsin na Michigan, mwingine milima ya Adirondack katika jimbo la New York. Magharibi jabali haliishi, linazama tu. Chini ya mashamba ya ngano ya Saskatchewan na visima vya mafuta vya Alberta lipo vilevile, limefunikwa na tabaka za mawe ya zama za baadaye. Neno ngao katika jiolojia ni hilo: sehemu ambayo moyo wa bara umebaki wazi, bila nguo.

Umri wake unachosha akili. Kando ya Mto Acasta, kaskazini ya Yellowknife, kuna miamba iliyopimwa ikaonekana kuwa na miaka takriban bilioni 4, wakati dunia yenyewe ina bilioni 4.5 hivi. Ufukwe wa mashariki wa Ghuba ya Hudson, huko Quebec, kuna mawe mengine ambayo baadhi ya wataalamu wanasema ni makongwe zaidi, na ubishi wao haujaisha. Anayetafuta mifupa ya madinosauri asijisumbue humu: sehemu kubwa ya mwamba huu iliganda kabla hakujawa na mnyama wa aina yoyote. Uhai ulioacha alama ni wa vijidudu. Mwaka 1954 Stanley Tyler na Elso Barghoorn walitangaza kwamba jiwe jeusi la Gunflint, kaskazini ya Ziwa Superior, lina mabaki ya viumbe hao wadogo wa miaka karibu bilioni 1.9 iliyopita.

Na si jiwe moja. Ni vipande vya mabara madogo, visiwa vya volkano na sakafu za bahari zilizotoweka, vikagongana na kushikana. Ukanda wa Abitibi, mpakani mwa Ontario na Quebec, ulikuwa volkano za chini ya bahari miaka bilioni 2.7 iliyopita, hadi leo utaona humo lava iliyoganda majini kwa mabonge mabonge. Kusini-mashariki, miaka bilioni moja iliyopita, mgongano mwingine uliinua milima inayodhaniwa kuwa ilishindana na Himalaya. Mvua, upepo na barafu vimeila. Mont Tremblant, ambako watu wa Montreal huenda kuteleza kwenye theluji, haufiki hata mita 1,000.

Barafu ndiyo iliyompa mwenyeji sura anayoiona. Miaka 20,000 iliyopita bamba la barafu lenye unene wa kilomita kadhaa lilikalia nchi hii yote, na liliposogea lilikwangua udongo na kuusomba kusini. Likaacha mwamba uliosuguliwa ukang'aa, wenye mikwaruzo inayoonyesha njia lilikopita, na mito isiyojua pa kwenda. Ndiyo maana Ontario peke yake ina maziwa zaidi ya 250,000. Uzito huo ulipoondoka, nchi ilianza kuinuka kama jahazi lililoteremshwa shehena, na bado inainuka: kandokando ya Ghuba ya Hudson ni karibu sentimita moja kwa mwaka. Karibu na mji wa Churchill, kando ya ghuba hiyo, kuna hori ambapo meli za karne ya 18 zilifungwa kwenye pete za chuma. Leo maji yake ni machache mno kwa meli kama zile.

Udongo ulipokwenda, kilimo kilikwenda nao. Mwaka 1868 serikali ya Ontario ilianza kugawa ardhi ya bure huko Muskoka na jirani zake. Waliohamia walifyeka misonobari, wakakuta chini ya majani makavu kiganja kimoja cha udongo na chini yake jiwe. Wengi waliondoka. Nina hakika serikali ingewauliza Waojibwe wangeiambia mapema, maana wao, pamoja na Wakrii, Wadene na Wainnu, walijua kuwa hii ni nchi ya kuvuka kwa maji. Chombo chao kilikuwa mtumbwi wa magome ya mti wa betula, mwepesi kiasi kwamba ukifika mwisho wa ziwa unaubeba mabegani hadi ziwa linalofuata. Wazungu waliofuata ngozi za manyoya waliuchukua ulivyo. Kampuni ya Hudson's Bay ilipewa hati na mfalme wa Uingereza mwaka 1670, na biashara yake ya bara ilitegemea sana ufundi huo.

Zama za madini zilifunguliwa na reli. Mwaka 1883 mafundi waliokuwa wakipasua mwamba ili kupitisha Reli ya Canadian Pacific walifunua madini ya shaba na nikeli mahali panapoitwa Sudbury. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba Sudbury ni kovu la kimondo kikubwa kilichoipiga dunia miaka bilioni 1.85 iliyopita. Utajiri huo ulikuja na moshi: tindikali ya viwanda iliua miti na kuyafanya majabali kuwa meusi. Tangu 1978 watu wa mji huo wamemwaga chokaa na kupanda miti zaidi ya milioni 10, na kijani kimerudi.

Kwenye almasi ndipo sisi wa Afrika tunapoingia. Almasi hutengenezwa kilomita zaidi ya 150 chini, na mabara yenye mizizi minene na baridi ya kale ndiyo yanayozitunza. Kanada inayo mizizi hiyo, na nchi iliyo kati ya Shinyanga na Mwanza inayo pia. John Williamson, aliyegundua almasi za Mwadui mwaka 1940, alizaliwa Montfort, Quebec, juu ya ngao hii hii. Wakanada wenyewe walichelewa. Chuck Fipke na Stewart Blusson walifuata chembe za madini zilizotawanywa na barafu, wakirudi nyuma kule ilikotoka, hadi Lac de Gras mwaka 1991. Migodi ya huko hupelekewa mizigo wakati wa baridi kwa malori yanayopita juu ya maziwa yaliyoganda. Lori lililojaa haliruhusiwi kuzidi kilomita 25 kwa saa, kwa sababu mwendo wa kasi huamsha mawimbi chini ya barafu, nayo hupasuka.

Kiungo kingine hakina raha. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu la atomiki la Marekani ilitoka Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, na pia kwenye mgodi wa Ziwa Great Bear, ambako wanaume wa Kidene waliyabeba madini hayo kwa magunia mgongoni bila kuambiwa hatari yake.

Kwa maoni yangu, Kanada inaipenda ngao yake kwa mbali. Wachoraji wa Kundi la Saba waliifanya picha ya taifa tangu 1920, lakini wananchi walio wengi wanakaa pembeni yake, kwenye udongo wa kusini. Dhahabu, nikeli na umeme wa mito vinashuka. Madaktari na barabara vinapanda kwa shida.

Msomaji mwenye ndugu Toronto amwombe wapande Barabara Kuu ya 400 kuelekea Parry Sound. Saa mbili hazitaisha kabla hawajaona mwamba wa waridi na kijivu uliopasuliwa kando ya njia. Wasiende Mei wala Juni, maana visubi wa huko hawana huruma. Septemba ndio mwezi wake.