Pampu Kubwa, Bomba Lile Lile

Kila mtaa una jirani huyu. Maji yakianza kusuasua, anachoka kungoja, anafunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka, na kuanzia usiku huo tangi lake halikauki. Nyumba za mbele yake ndizo zinazofungua koki zikasikia upepo tu. Na hilo si baya kuliko yote. Bomba likinyonywa mpaka presha ya ndani ikashuka chini ya ile ya nje, pale penye ufa linaanza kuvuta maji ya mtaroni.

Sasa mpe jirani huyo injini ya boti ya kivita.

Mwaka 1965 Idara ya Zimamoto ya New York ilipokea mtambo uliojengwa na kampuni ya Mack, ukaitwa Super Pumper. Aliyeubuni, William Francis Gibbs, alikuwa msanifu wa meli; SS United States ilikuwa kazi ya mkono wake. Kwa hiyo hakufikiria gari, alifikiria chombo cha baharini chenye magurudumu. Injini ya pampu ilikuwa Napier Deltic, ya aina iliyoendesha boti za kasi za jeshi la majini la Uingereza: mitungi 18, pistoni 36 zikikabiliana mbili mbili, nguvu za farasi 2,400. Hiyo ni ya kusukuma maji tu. Kichwa kilichouvuta mtambo barabarani kilikuwa na injini yake. Pampu ilitoa lita 33,000 kwa dakika kwa presha ya baa 24, zaidi ya mara kumi ya upepo ulio kwenye tairi la gari dogo.

Tufanye hesabu ya dukani. Gari la kawaida la zimamoto la Marekani mara nyingi hubeba lita 1,900 za maji. Super Pumper ingeyamaliza kabla hujahesabu hadi nne. Baada ya hapo ni haidranti, vile vichwa vya bomba kando ya barabara. Mwongozo wa Marekani unapendekeza vipakwe rangi kwa kadiri ya maji yanayotoka: chekundu ni dhaifu, chini ya lita 1,900 kwa dakika, cha buluu ndicho kinara, kuanzia lita 5,700. Ili pampu ile ishibe, ungehitaji haidranti sita za buluu, tena zisiwe zimekaa kwenye bomba moja. Zikiwa kwenye bomba moja, ukifungua ya pili unaipunguzia ya kwanza. Ndiyo maana wazimamoto hufundishwa kutoiacha presha ya bomba la jiji ishuke chini ya baa 1.4. Ukishuka hapo, umekuwa yule jirani.

New York lakini imezungukwa na maji, na hapo ndipo Gibbs alikuwa na hoja. Mtambo uliegeshwa mtoni au mahali penye haidranti nzuri, mbali na moto. Magari yaliyoufuata yakatandaza mipira minene na kubeba mizinga ya maji hadi kwenye tukio. Mto ukahamishiwa barabarani.

Hata kunyonya mto kuna mipaka yake. Pampu haivuti maji kama kamba. Inaondoa hewa kwenye mpira, kisha uzito wa anga ndio unaoyasukuma juu. Pwani uzito huo hauwezi kuyainua zaidi ya mita 10 na kidogo, na kwa vitendo ni pungufu sana ya hapo. Nairobi, iliyo takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kikomo cha kinadharia kinashuka hadi karibu mita nane na nusu. Gari lile lile, daraja la kimo kile kile, lakini maji hayaji kwa wingi ule ule.

Pampu za namna hii kwao hasa ni kwenye viwanda vya mafuta. Juni 2001, huko Norco, Louisiana, liliungua tangi la petroli lenye kipenyo cha mita 82. Moto wa petroli huzimwa kwa povu linalofunika uso mzima, na kiwango cha chini cha Marekani kwa mizinga ni lita 6.5 kwa dakika kwa kila mita ya mraba. Zidisha: unapata kama lita 34,000 kwa dakika. Ukimwaga nusu yake, povu linaungua linapotua, na ukimwaga hivyo kwa siku nzima bado tangi litawaka. Hapo ukubwa si mbwembwe. Tena Norco iko kando ya Mississippi.

Jengo la mjini ni habari nyingine. Moto wa chumba au wa duka hushindwa kwa mpira mmoja wa mkononi unaotoa kama lita 600 kwa dakika, mradi ufike mapema na mwenye kuushika ajue pa kuelekeza. Lita 33,000 ni tani 33 kila dakika, zikitua kwenye sakafu ambayo moto umeshaidhoofisha. Bohari la marobota linakunywa maji hayo na kubaki nayo, na kuta zinafunguka.

Super Pumper ilistaafishwa mwaka 1982. Kilichobaki New York kinanipendeza kuliko mtambo wenyewe: magari ya mipira minene na mizinga, yanayolishwa na magari ya pampu ya kawaida ya kama lita 7,600. Siri iko kwenye mpira. Kwa kiasi kile kile cha maji, ukiongeza upana wa mpira mara mbili, presha inayopotea kwa msuguano hupungua takribani mara 32. Ila usidhani mtu ataukokota: mpira wa milimita 125, mita 30 tu, ukijaa maji unabeba karibu kilo 370. Unautandaza mkavu, gari likienda, na ukishajaa haukunjwi kirahisi.

Waingereza walichagua njia nyingine. Baada ya Septemba 11, 2001, serikali ilinunua pampu za lita 7,000 kwa dakika, ambazo kichwa chake huzamishwa majini na kusukuma kutoka chini badala ya kunyonya. Zilisambazwa nchi nzima, za kuazimana. Zilifika Buncefield Desemba 2005, matangi ya mafuta zaidi ya 20 yalipowaka, na Agosti 2019 zilikuwa Whaley Bridge, zikipunguza maji ya bwawa lililotishia kubomoka. Zikapata kazi ambayo si ya moto kabisa.

Kwa hiyo Shimanzi, Mombasa, au Kurasini, Dar es Salaam, ambako matangi ya mafuta yanapakana na nyumba za watu na bahari haiko mbali, mashine kubwa ina hoja, hasa kama wenye matangi wanachangia gharama. Kwa jiji la bara lenye mabomba membamba ningeanza na kifaa cha bei ndogo: kipimo kinachoingia mkononi, chenye ncha ya mrija mwembamba. Haidranti moja inafungiwa saa ya presha, ya jirani yake inafunguliwa wazi, na mtu aliyelowa hadi magotini anaishikilia ncha ile katikati ya mkondo, anasoma namba, anaandika. Kisha anachukua brashi na kopo la rangi, na mara nyingi rangi yenyewe ni nyekundu.