Kwa nini betri ya gari la umeme ni nzito hivyo?

DEREVA anayeondoka Mombasa kuelekea Nairobi hujaza tangi kwa dakika chache, akasahau habari ya mafuta kwa takriban kilomita 480. Mwenzake mwenye gari la umeme hana budi kupiga hesabu kwanza: je, betri itafika?

Kiini cha hesabu hiyo ni uzito. Kilo moja ya petroli ina nishati ya takriban uniti 12, kwa kipimo kile kile cha mita ya umeme nyumbani. Kilo moja ya betri ya lithiamu ya gari, pamoja na kasha lake, huhifadhi uniti 0.15 hivi. Petroli imeizidi mara 80.

Hata hivyo, injini ya petroli ni mbadhirifu. Karibu robo tatu ya nishati yake hupotea kama joto, ilhali mota ya umeme hutumia takriban asilimia 90 ya inachopewa.

Kwa hivyo, lita 40 za petroli, zenye uzito wa kilo 30, hufanya kazi sawa na betri ya uniti 100. Betri hiyo huwa na zaidi ya kilo 600. Tena, tangi huwa jepesi kadiri safari inavyoendelea. Betri haipungui uzito hata ikiisha chaji.

Mbona basi zisiongezwe betri? Kila kilo inayoongezwa hudai springi, breki na tairi imara zaidi, na sehemu ya nishati mpya huishia kuibeba betri yenyewe.

Dawa imekuwa kuongeza nishati katika kila kilo. Mwaka 1996, kampuni ya General Motors ya Marekani ilitoa gari la EV1. Betri zake za risasi na asidi zilizidi nusu tani, lakini zilihifadhi uniti 16 hivi: nishati isiyofikia ya lita 2 za petroli.

Mwaka 2012, Tesla ilitoa Model S yenye betri ya lithiamu ya uniti 85. Uzito ulikuwa ule ule wa nusu tani na ushei, ila nishati ilikuwa mara tano, na vipimo vya serikali ya Marekani vikaipa kilomita 426.

Bado mlima una neno lake. Kupandisha gari la tani 2 kutoka pwani hadi Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya bahari, hula uniti 9, mbali na upepo na msuguano wa barabara. Wakati wa kuteremka, mota hurejesha sehemu tu ya nishati hiyo.

Nayo betri huchakaa. Nissan Leaf ya kwanza, ya mwaka 2010, ilikuwa na uniti 24 ikiwa mpya. Anayenunua gari kama hilo likiwa limetumika asitosheke na kuuliza limetembea kilomita ngapi. Aulize pia betri imebakiwa na uniti ngapi.