Chujio la Mashine ya Kukaushia Nguo na Ahadi ya Kujisafisha

Chujio la mashine ya kukaushia nguo ni wavu mwembamba unaokaa kwenye njia ya hewa, kati ya dramu inayozungusha nguo na feni inayoivuta hewa itoke. Hunasa nyuzinyuzi zinazochomoka kwenye nguo, zisije zikafika kwenye feni, kwenye bomba la kutolea hewa au, baya zaidi, kwenye koili ya moto. Kila mzigo ukikauka wavu huwa umevaa tabaka laini la kijivu, ambalo mwenye mashine anatakiwa kulibandua kwa vidole kabla ya kuingiza nguo nyingine. Chujio linalojisafisha limebuniwa kumwondolea kazi hiyo, na humwondolea kweli, ila kwa sehemu tu. Nyuzi hazipotei, huhamishiwa mahali pengine ndani ya mashine.

Kirua Vunjo, kwenye miteremko ya Kilimanjaro inayopanda kutoka barabara ya Moshi–Himo hadi ukingo wa msitu wa mlima, nyuzi hizo hupeperushwa na upepo bila mtu kuziona. Nguo huanikwa kwenye kamba kando ya migomba, na kinachosumbua ni jua kukosekana. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei. Yakiisha, Juni hadi Agosti wingu hushuka na kukaa juu ya vihamba, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, ukungu hautoki hadi mchana, na siku nyingine hautoki kabisa. Suruali ya jinzi au sweta zito la mitumba lililonunuliwa soko la Memorial mjini Moshi huweza kukaa siku mbili tatu chini ya upenu na bado likawa na unyevu kwenye mikunjo. Sare ya shule haiwezi kungoja hivyo. Husogezwa karibu na jiko, kisha pasi ya mkaa humalizia. Pasi hiyo ina faida nyingine katika sehemu zenye joto zaidi, ambako nzi wa maembe hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje: joto lake huyaua mayai kabla funza hawajaingia kwenye ngozi ya mvaaji.

Kukausha nguo kwa joto la jiko ndiko kulikozaa mashine yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa aliyeitwa Pochon alitengeneza dramu ya bati yenye matundu, iliyozungushwa kwa mkono juu ya moto. Nguo zilitoka zikinuka moshi, na nyingine zikatoka zimeungua. Mwaka 1892 George T. Sampson, Mmarekani mweusi wa Dayton, Ohio, alipata hataza ya fremu ya kutundikia nguo juu ya jiko ili joto lizifikie bila ndimi za moto kuzigusa. Mashine ya umeme inayozunguka yenyewe ilikuja kupitia J. Ross Moore wa North Dakota, aliyechoshwa na kuanika nguo kwenye baridi kali ya huko. Ubunifu wake uliingia sokoni mwaka 1938 kupitia kampuni ya Hamilton, kwa jina la June Day. Feni iliyovuta hewa kwa nguvu kupita kwenye nguo ilivuta na nyuzi, na hapo wavu ukawa hauepukiki.

Uzi wa pamba umesokotwa kwa nyuzi fupifupi zilizoshikana kwa msuguano tu. Nguo zikigongana na kusuguana ndani ya dramu, ncha za nyuzi hizo hulegea na kukatika. Zikiwa na maji hubaki zimegandia kwenye kitambaa. Zikikauka huwa nyepesi na hewa huzibeba. Taulo, blanketi na flaneli ndivyo vinavyotoa zaidi. Nguo za poliesta hutoa nyuzi chache, lakini zao ni za plastiki.

Wavu ukijaa, hewa hupita kwa shida. Unyevu hauondoki, mzigo uliozoea kukauka kwa saa moja huchukua mbili, na koili huendelea kuwaka huku joto likikosa pa kwenda. Kuna themostati ya kukata umeme, lakini hiyo nayo ni kifaa, na kifaa hufa. Idara ya Zimamoto ya taifa la Marekani ilikadiria kuwa kati ya 2008 na 2010 mashine hizi zilisababisha moto kwenye nyumba za nchi hiyo mara 2,900 hivi kwa mwaka. Sababu iliyoongoza, karibu theluthi moja, ilikuwa kutosafishwa. Uingereza ililipata somo hilo kwa njia iliyo kali zaidi. Mwaka 2015 kampuni ya Whirlpool ilitangaza kuwa mashine zilizotengenezwa kati ya Aprili 2004 na Septemba 2015, nyingi zikiwa na majina ya Hotpoint na Indesit, ziliruhusu nyuzi kudondokea koili. Wateja waliambiwa wanaweza kuendelea kuzitumia wakingoja fundi, mradi wasiziache peke yake. Agosti 2016 mashine ya Indesit iliwasha moto katika jengo la ghorofa la Shepherd's Court, magharibi mwa London, mwenye nyumba akiwa ndani. Ushauri ule ulibadilishwa mwaka uliofuata kuwa zichomolewe kabisa, na mwaka 2019 zilizobaki, zinazokadiriwa kufikia laki tano, zikaamriwa zirudishwe.

Ukijua hayo, ni rahisi kuona kwa nini wahandisi wanatamani kumwondoa binadamu msahaulifu kwenye kazi hii. Njia wanazotumia ni chache. Katika baadhi ya mashine, brashi au kipande cha mpira hupita juu ya wavu na kukwangua nyuzi ziingie kwenye kisanduku kidogo, ambacho humwagwa baada ya mizigo mingi badala ya kila mzigo. Kwenye mashine kubwa za dobi za hoteli na hospitali, hewa hupulizwa kinyume ili tabaka lianguke lenyewe. Mashine zinazofua na kukausha humo humo mara nyingi husafirisha nyuzi kwa maji hadi kwenye bomba la maji machafu.

Njia ya nne ndiyo iliyotangazwa zaidi, nayo inahusu mashine za pampu ya joto. Hizi hazitupi hewa nje. Hewa yenye unyevu hupitishwa kwenye mapezi membamba ya metali yaliyopozwa, mvuke ukageuka maji juu yake na kudondoka, kisha hewa ile ile ikapashwa tena na kurudi kwenye nguo. Zinatumia umeme mdogo kuliko za koili, mara nyingi nusu au chini ya hapo. Udhaifu wake uko kwenye mapezi hayo: nyuzi laini zilizoponyoka wavu hunasa kwenye metali yenye maji, zikajikusanya na kuwa kama ukoko. Watengenezaji wakaamua kuyatumia maji yaliyotoka kwenye nguo kuyaosha mapezi mara kadhaa wakati mashine ikifanya kazi. Mapezi yakawa ndani kabisa, mteja asiweze kuyatoa wala kuyaona.

Korea Kusini ilionyesha mwanya ulipo. LG iliuza mashine nyingi kwa tangazo kwamba mapezi huoshwa yenyewe. Mwaka 2019 wateja walianza kufungua mashine zao na kukuta vumbi zito lililolowa. Shirika la kulinda watumiaji la nchi hiyo lilichunguza na kukuta kwamba kuosha kulifanyika pale tu hali fulani zilipotimia, na maji yaliyobaki ndani yalichangia uchafu. Kampuni ikakubali kurekebisha bure mashine 1,450,000, na Aprili 2021 mamlaka ya ushindani ikaitoza faini ya won milioni 390 kwa tangazo la kupotosha. Kosa lilikuwa kumwambia mtu asiangalie mahali ambapo bado palihitaji jicho.

Kuosha kwa maji kuna suala jingine ambalo vihamba vinalihisi kuliko maghorofa. Maji machafu ya nyumba nyingi mlimani humwagwa kwenye migomba au hutiririka kuelekea mifereji. Nyuzi za pamba huoza. Za poliesta na za sweta za manyoya bandia hubaki udongoni. Tabaka lililobanduliwa kwa mkono angalau linaweza kutenganishwa: la pamba tupu likaenda kwenye lundo la mboji au likawashia jiko, maana hushika moto upesi mno, na lenye plastiki likaenda kwenye taka.

Mashine ya nyumbani bado ni nadra Kirua Vunjo, na LUKU, umeme wa kulipia kabla, inaeleza sababu. Mashine ya koili hula uniti tatu hadi tano kwa mzigo mmoja. Kwa bei ya takriban shilingi 356 kwa uniti, kodi zikiwa ndani, mzigo wa uniti nne hugharimu karibu shilingi 1,400, na mteja mdogo anayefaidi bei nafuu ya uniti 75 kwa mwezi angezimaliza kabla ya kufika mzigo wa ishirini, taa na simu zikiwa hazijahesabiwa. Wenye sababu ya kuinunua ni nyumba za wageni na wanaokodisha vifaa vya kupandia mlima, kwa kuwa koti au mfuko wa kulalia uliojazwa manyoya ya bata hufanya mabonge ukikaushwa polepole kwenye baridi. Unataka joto la chini na kugeuzwageuzwa.

Anayenunua mashine hiyo, ya nyumbani au ya kazi, atafanya vyema kupendelea ile ambayo mapezi yake huchomolewa na kuoshwa bombani, hata kama muuzaji anasifia inayojisafisha. Wavu hubanduliwa kila mzigo. Mara moja kwa mwezi humwagiwa maji: yakitulia juu yake badala ya kupita, kuna utando wa sabuni ya kulainishia nguo ambao macho hayauoni, na huondolewa kwa brashi laini na maji ya uvuguvugu. Kisanduku cha mashine inayojikwangua humwagwa kabla hakijashindiliwa, bomba la nje hufunguliwa na kusafishwa angalau mara moja kwa mwaka, na wavu uliooshwa hurudishwa ukiwa mkavu, kwa sababu nyuzi hung'ang'ania wavu uliolowa.