Babu Hakuwa na Hati, Alikuwa na Deni

Mtoto wa ndugu yangu alirudi kuomba kitambulisho amenuna. Ameambiwa athibitishe kuwa wazee wake ni wa hapa Mombasa, tena kwa karatasi. Babu yangu, ambaye kwake yeye ni baba wa babu, alikuwa hamali. Karatasi angeipata wapi?

Wenye majumba ya mawe hawana shida hii. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwaandika. Babu alipanga chumba Kibokoni. Na ukimtafuta kwa jina utapotea, maana kina Juma bin Ali walijaa mji mzima. Mtu kama huyu anza na kazi yake.

Mahamali walibeba magunia kutoka majahazini, Bandari ya Kale, hadi kwenye maghala ya Mji wa Kale. Gati za meli kubwa zilipofunguliwa Kilindini mwaka 1926, kazi nyingi ikahamia upande wa pili wa kisiwa. Kwa hivyo waulize wakubwa wenu: mzee wetu alibeba majahazini au melini? Jibu litakuonyesha mtaa wa kuanzia. Uliza pia alikuwa wapi kwenye mgomo mkuu wa Januari 1947. Asiyejua mwaka aliozaliwa aliukumbuka mgomo. Hata neno kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi cha kazi ya kutwa. Kumbe karatasi walikuwa nazo, ila za siku moja tu.

Kisha nenda dukani. Mtu wa kutwa hula kwa mkopo, na mwenye duka huandika. Shangazi alilikumbuka duka walilokuwa wakitumwa mafuta ya taa. Mwenyewe alishafariki, lakini mwanawe, naye ni mzee sasa, amehifadhi madaftari ya babake sandukuni, yote kwa Kigujarati. Alinisomea polepole. Jina la babu halikuwamo. Palikuwa na "hamali mrefu, mkewe mshona kofia." Huyo mshona kofia ni nyanya yangu! Unga, sukari, mafuta. Mwezi wa Ramadhani, leso doti moja.

Deni la mwisho, shilingi sita, halikupigwa mstari. Nikatoa pesa pale pale, kwani deni la maiti si la kuchezea. Mzee akakataa, akasema babake alisamehe wengi bila kuandika.

Ofisini ukurasa ule hawakuutaka, wanataka mhuri. Basi tumegeukia madaftari ya ndoa kwa kadhi, kwa kuwa ndoa za Kiislamu zilianza kusajiliwa kwa sheria ya 1906. Huko usiende na jina la mume peke yake. Nenda na la mke na la walii wake. Sisi bado tunatafuta.

Lakini duka lile linauzwa, na wana wa mzee, walioko Uingereza, hawasomi Kigujarati. Nimemwambia kijana wetu kila Ijumaa baada ya swala aende akae naye, mzee asome, yeye aandike.