Pengo Juu ya Kioo cha Simu

Kijana wako akirudi kutoka machimbo ya Geita na simu mpya, itazame vizuri kwa juu. Pengine utaona kioo kimekatwa hapo katikati, mfano wa jino lililong'oka. Usimkaripie ukidhani ameuziwa simu mbovu. Imetengenezwa hivyo makusudi.

Jambo hili lilivuma mwaka 2017, kampuni ya Apple ya Marekani ilipotoa iPhone X. Mafundi walitaka kioo kienee uso wote wa simu. Je, kamera ya mbele na vyombo vya kuitambua sura ya mwenye simu vikae wapi? Basi wakakata kioo kwa juu, wakavitia pale. Watu wakacheka sana. Kampuni ya Samsung ikatoa hata tangazo la dhihaka mwaka 2018. Mwaka uliofuata nayo ikauza Galaxy M20, yenye pengo!

Huku kwetu, Kahama na Katoro, ubishi ni uleule. Mmoja husema: nimelipia kioo kizima, mbona nimepewa kilichokatwa? Mwingine hujibu: hilo si pengo, ni mwanya, na nani asiyependa mwanya? Mimi naona huyu wa pili ana haki zaidi. Pembeni mwa pengo huandikwa saa na alama ya chaji, kwa hiyo nafasi ya chini hubaki wazi kwa kusoma. Tena simu kadhaa za Android zina njia ya kuifanya sehemu ile ya juu iwe nyeusi yote, pengo lisionekane.

Mwaka 2019 Huawei ilitoa Y9 Prime, isiyo na pengo; kamera yake huchomoza juu kwa mota ndogo. Yapendeza, lakini kwa mtu ashindaye katika vumbi la maduara ya dhahabu, mimi nisingeichagua. Simu nyingi za siku hizi zina kitundu kidogo tu.

Kwa hiyo usiuze mbuzi ili ubadilishe simu kwa sababu ya pengo. Linalodai fedha ni jingine: kioo kilichofika ukingoni hakina ubavu mpana wa kukikinga kikianguka. Kabla ya kununua, muulize fundi bei ya kioo kipya cha simu hiyo, na kama kinapatikana Shinyanga au hadi kiagizwe Dar es Salaam.