Chikungunya: protini nne kabla ya yote

Kirusi cha chikungunya kilitambuliwa baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kwenye Uwanda wa Juu wa Makonde, kusini mwa Tanganyika ya wakati huo. Ndani yake mna uzi mmoja tu wa RNA, wenye herufi zisizofika 12,000. Mbu akishakiingiza mwilini, kirusi hukumbana na tatizo: seli ya binadamu haina kimeng'enya kiwezacho kunakili uzi mzima wa namna hiyo. Lazima kijitengenezee chake, na kukitengeneza ni kazi ya kwanza kabisa.

Uzi huo huigiza ujumbe wa seli yenyewe, ukiwa na kofia ya kikemikali upande mmoja na mkia upande wa pili, kwa hiyo ribosomu huusoma papo hapo. Kirusi cha homa ya Bonde la Ufa, kilichoelezwa nchini Kenya mwaka 1931, hakiwezi hivyo. RNA yake haisomeki moja kwa moja, ndiyo maana huingia na kimeng'enya kilichokwisha kutengenezwa.

Kwa chikungunya, sehemu ya kwanza ya uzi, kama theluthi mbili, huzaa protini nne za kunakili, nsP1 hadi nsP4, zikiwa zimeshikana katika mnyororo mmoja mrefu. Ya pili, nsP2, ndiyo inayoukata. Hapa ndipo ninapostaajabu, kwa kuwa mpangilio wa kukata ndio unaoamua kazi. Kwanza hujitenga nsP4, mnakili mwenyewe. Ikishirikiana na zile tatu ambazo bado zimeungana, hutengeneza uzi kinyume, yaani kiolezo. Tatu hizo zikishatenganishwa, mtambo huacha violezo na kugeukia nyuzi mpya za kirusi, pamoja na RNA fupi inayozaa protini za ganda.

Idadi nayo hudhibitiwa. Katika aina nyingi za kirusi hiki, kabla tu ya nsP4 pana alama ya kusimama. Ribosomu nyingi huishia hapo, chache hupita, basi nsP4 huwa haba kuliko wenzake.

Hadi sasa hakuna dawa mahususi ya chikungunya. Mgonjwa hutulizwa homa na maumivu ya viungo. Watafiti wengi wanailenga nsP2, kwani ikizuiwa kukata, nsP4 hubaki imefungwa na unakili haupigi hatua. Ugumu ni kupata kemikali itakayoizuia hiyo bila kugusa vimeng'enya vya seli zetu vinavyokata protini kwa njia inayofanana nayo.