Nguvu za kiume na uwezo wa kuzaa: mambo mawili yanayochanganywa

Msikilizaji wetu, kwenye minada mingi ya vijijini, dawa ya nguvu za kiume hunadiwa kwa kipaza sauti, na mara nyingi muuzaji huongeza kwamba dawa hiyohiyo inaleta na mtoto. Wanaume wananunua. Mtoto asipopatikana, lawama inaishia kwa mke: "Mume ana nguvu zake, basi tatizo ni mwanamke." Ndoa inavunjika, mama anarudishwa kwao, mume anaoa mwingine, na huko nako mtoto hapatikani.

Katika makala hii tunaeleza kwa nini hesabu hiyo si sahihi, na familia ya hapa Ihanja ianzie wapi.

Tofauti yake ni nini?

Nguvu za kiume ni uwezo wa uume kusimama na kubaki hivyo hadi tendo likamilike. Hiyo ni kazi ya mishipa ya damu, neva, homoni na utulivu wa akili. Uwezo wa kuzaa unategemea mbegu zinazotengenezwa ndani ya korodani: zipo ngapi, zinaogelea vipi, na zina njia ya kutoka.

Kwa hiyo mwanamume anaweza kuwa na nguvu kamili, akatoa shahawa za kawaida kwa macho, na ndani yake isiwemo mbegu hata moja. Sababu zinaweza kuwa kisonono au klamidia ambayo haikutibiwa ikaziba mirija, matumbwitumbwi yaliyompata akiwa ameshabalehe, au korodani ambazo hazikushuka utotoni. Mwingine nguvu zake ni za kusuasua lakini mbegu zake ni nzima. Huwezi kujua kwa kumwangalia mtu, wala kwa yeye kujisikia vizuri. Ni maabara tu inayojua.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takribani mtu mzima 1 kati ya 6 hupata tatizo la kutopata mtoto katika maisha yake. Katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hili, mwanamume anahusika, ama peke yake ama pamoja na mkewe.

Yanakutana wapi?

Yapo maeneo ambayo upungufu wa nguvu unazuia mimba moja kwa moja. La kwanza liko wazi: tendo lisipofanyika, au mume akimaliza kabla ya kuingia, mbegu hazifiki. La pili ni kisukari cha muda mrefu. Kinaharibu mishipa na neva, uume unakosa nguvu, na wakati mwingine shahawa zinarudi nyuma kwenye kibofu cha mkojo badala ya kutoka. La tatu ni upungufu wa homoni ya testosteroni, ambao unaweza kupunguza hamu, nguvu na mbegu kwa pamoja.

Lipo pia la akili. Wanandoa wanaotafuta mtoto kwa miaka hufanya tendo kama kazi ya ratiba, huku ndugu wakiuliza kila sikukuu. Hofu hiyo peke yake inatosha kumwondolea mwanamume nguvu. Mara nyingi madaktari hushauri kukutana kila baada ya siku mbili au tatu, bila kuviziana na kalenda.

Dawa za mnadani

Sildenafil, iliyoanza kuuzwa mwaka 1998, inasaidia damu kufika kwenye uume. Haiongezi mbegu. Ikichanganywa na baadhi ya dawa za moyo, hasa za jamii ya nitrati, presha inaweza kushuka hadi kuua. Katika nchi mbalimbali maabara zimekuta unga unaoitwa wa asili umechanganywa kwa siri na dawa hii, hivyo mgonjwa wa moyo anaweza kuinywa bila kujua.

Sindano za testosteroni zina mtego wake. Mwanamume hujisikia ana nguvu, lakini korodani hupunguza au husimamisha kabisa utengenezaji wa mbegu. Anayetafuta mtoto asizitumie kabla ya kuzungumza na daktari.

Kumbuka pia kwamba mbegu huchukua takribani miezi miwili na nusu kutengenezwa. Anayekuahidi mbegu mpya ndani ya siku saba anakudanganya.

Uanzie wapi?

Mkiwa mmekaa mwaka mzima mnakutana mara kwa mara bila uzazi wa mpango na mimba haijaingia, nendeni kituo cha afya, mume na mke pamoja. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, msingoje zaidi ya miezi sita. Mwenye shida ya nguvu asisubiri kabisa, kwa sababu inaweza kuwa dalili ya mwanzo ya kisukari, presha au ugonjwa wa moyo. Sukari na presha ni vipimo vya kuanzia, na majibu yake yanaweza kuokoa maisha yako kabla hata hatujafika kwenye mtoto.

Kipimo cha shahawa si kila maabara inacho. Ulizeni kituoni mpewe rufaa ya hospitali ya wilaya au ya mkoa, Singida mjini. Kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa kabla ya kupima. Sampuli inatakiwa ifike maabara ndani ya saa moja, kwa hiyo usiitoe nyumbani Ihanja ukapanda nayo gari: itoe hukohuko hospitali, kwenye chombo utakachopewa, si kwenye kondomu ya kawaida.

Mweleze mganga kila dawa unayotumia, hata ya mizizi. Na kama majibu si mazuri, omba kurudia kipimo baada ya wiki kadhaa, kwani homa kali tu inaweza kushusha mbegu kwa muda.